Kiti Alichoombwa Fundi Sponji

Mtaani kwao, kochi likizama katikati mpaka mgeni akikaa magoti yanamfika kidevuni, lilipelekwa kwa mtu mmoja tu: Fundi Sponji. Karakana yake ilikuwa kwenye kona, mlango wa bati, na nje yake hapakukosa kochi moja lililovuliwa nguo, springi zikitazama juu, likingoja kuvalishwa upya. Yeye mwenyewe alikuwa mpana wa mabega na mwingi wa maneno. Alibana misumari midogo pembeni mwa mdomo na bado akaongea tangu asubuhi mpaka jioni. Watu walipita hata kama hawana kochi bovu, wapate tu kucheka.

Mke alimpata kwenye duka la vitambaa. Binti wa duka lile alikuwa anajua kitambaa kwa kukigusa tu, hata ukimfumba macho, na aliipenda kazi yake. Fundi akaanza kwenda kununua mita moja leo, mita moja kesho, mpaka binti akamuuliza mbele ya wateja, "Kaka, hizi mita moja moja unamvalisha nani, kuku?" Duka zima likaangua kicheko. Baada ya hapo hawakuachana.

Walikaa muda mrefu bila mtoto, na alipokuja, alikuja kabla ya siku zake. Msichana. Alikuwa mdogo hivi kwamba fundi aliogopa kumshika kwa ile mikono yake iliyokauka gundi. Aliwekwa kwenye chumba cha joto hospitalini, akalishwa kwa mpira mwembamba uliopita puani, akachomwa, akavutwa makohozi, akabandikwa plasta mashavuni na kubanduliwa. Alipopata nguvu na kuruhusiwa kwenda nyumbani, fundi alifunga karakana siku nzima na kugawa soda kwa majirani. Aliona wamevuka.

Kumbe mdomo wa yule mtoto ulikuwa umejifunza somo moja tu: kila kinachousogelea kinaumiza. Maziwa aliyanyonya kidogo na kulia. Ulipofika wakati wa uji, akaona kijiko tu, akageuza shingo. Kikimgusa mdomo, anafumba. Kikiingia, anakitapika, na akikitapika kinatoka pamoja na maziwa aliyonyonya asubuhi. Mama yake alibadilisha kijiko, akabadilisha bakuli, akaimba, akapiga makofi, akamzungusha uani akimwonyesha ndege. Bakuli moja la uji lilikula asubuhi nzima. Akimaliza kuosha matapishi na kubadilisha nguo, ya mtoto na yake, muda wa bakuli la pili umefika. Kazi ya dukani aliiacha. Alisema anaiacha kwa muda tu.

Fundi alikuwa akirudi mchana kula, anakuta sebule inanuka maziwa yaliyochacha, mke ameshika kijiko, mtoto amekaza taya. Hapo ndipo alipokuwa akikosea, ingawa mwenyewe hakuona kosa. Hakupiga, hakutukana. Alikuwa anatania.

"Mwanangu bado yuko kwenye mfungo?" anauliza, anaenda kunawa mikono.

Siku nyingine, njaa ikimuuma, anasema, "Hivi mke wangu, wewe ndiye mtu wa kwanza duniani kulisha mtoto?"

Mkewe alikuwa anahesabu moyoni vijiko vilivyoingia na vilivyotoka, na akipoteza hesabu anaona kama amempoteza mtoto mwenyewe. Fundi alimalizia chakula chake, akatafuta kijiti cha meno, akarudi kwenye makochi ya watu.

Na majirani hawakukosa la kusema. Huyu anasema mtoto amedekezwa, yule anasema maziwa ya mama ni mepesi. Mama mzazi wa fundi, aliyelea watoto wengi na wote wakawa na mashavu, alikuwa akija kila mara, anamwangalia mjukuu wake mikono ilivyo kama vijiti, anameza mate kwa uchungu. "Mama," alikuwa akimwambia mkwe wake kwa upole, "mtoto haombwi kula. Mtoto analishwa." Bibi alimpenda yule mtoto. Hilo hakuna aliyelitilia shaka, hata baadaye.

Kwenye kliniki ya watoto palikuwa na muuguzi mmoja, mwanamke mrefu asiyejua haraka. Kila Alhamisi aliwakusanya wazazi ambao watoto wao walikuwa na shida ya kula, wanakaa mkekani, wanaacha watoto wapake ndizi iliyopondwa mikononi na usoni bila kulazimishwa chochote. Mke wa fundi alielekezwa huko. Alirudi siku ya kwanza na uso uliolegea kidogo, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana.

"Sista anasema tuje wote wawili," alimwambia mumewe.

"Mimi nikafanye nini kwenye kikao cha akina mama? Nikajifunze kunyonyesha?"

"Anasema mtoto anatujua wote wawili. Na anasema mtoto wetu hakai vizuri. Miguu inaning'inia, mgongo unalegea, mtu aliyekaa hivyo hawezi kumeza vizuri. Anahitaji kiti chenye mahali pa kukanyaga na cha kumshika ubavuni." Akatabasamu. "Nikamwambia hilo tu halina shida. Mume wangu ni fundi wa viti."

Fundi alicheka kwa moyo wote. "Sasa kiti ndicho kitakachomlisha? Haya, nitakitengeneza."

Hakukitengeneza. Si kwamba alikataa. Palikuwa na makochi ya harusi ya mtu, halafu viti vya ofisi fulani, halafu mvua ikanyesha sponji zikalowa. Mkewe alikumbusha, akakumbusha tena, halafu akaacha. Akawa anamkalisha mtoto kwenye kiti cha plastiki, amemfunga shuka kiunoni, amemsokomezea mito kushoto na kulia, chini ya miguu ameweka ndoo iliyofudikizwa. Fundi aliiona ile ndoo kila mchana. Aliiruka kwenda mezani.

Hata hivyo Alhamisi zile zilikuwa zinasaidia, polepole kama jani linavyokua. Mtoto akaanza kushika kijiko. Akaanza kulamba kidole chenye ndizi na kukunja uso bila kutapika. Mama yake akamweleza mumewe habari hiyo kama mtu anayeeleza ameokota dhahabu. Fundi akasema, "Kulamba si kula," akiwa anatafuta viatu.

Jumamosi moja alimtazama mkewe vizuri, pengine kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akaona nywele zimemsimama, macho yameingia ndani. Roho ikamuuma. "Nenda kasukwe," alisema. "Nenda kwa rafiki zako, ucheke kidogo. Leo nitamlisha mimi. Mama naye yupo."

Mkewe alisitasita mlangoni. "Usimlazimishe. Akigeuza shingo, mwache. Mpe kijiko ashike."

"Nenda bwana, mimi ni baba yake."

Basi akaenda, na fundi akakaa na bakuli. Alianza vizuri. Alitania, akajifanya paka, akajifanya gari. Mtoto akamtazama tu, mdomo umefungwa kama mfuko ulioshonwa. Uji ukapoa. Fundi akaona aibu, aibu ya mtu mzima aliyeshindwa na kitu kidogo. Mama yake, aliyekuwa akitazama kwa uchungu, akasema, "Mshike mikono, mwanangu. Mimi nitambana pua kidogo tu. Nyinyi wote mlikula hivyohivyo."

Akamshika. Mikono yote miwili ya mtoto iliingia kwenye kiganja chake kimoja. Bibi akabana pua, mdomo ukafunguka kutafuta hewa, fundi akamimina.

Mtoto alipaliwa. Alikohoa mara moja, halafu hakukohoa tena, na macho yakamtoka yakimtazama baba yake. Midomo ikageuka rangi. Bibi akapiga ukelele. Fundi akampindua, akampiga mgongoni, akatoka naye nje mbio bila viatu, na jirani mwenye gari akawasha bila kuuliza swali.

Mtoto hakufa. Uji uliingia mapafuni, akapata nimonia, akawekwa tena kwenye hewa ya mashine na ule mpira wa puani ukarudi. Mke wa fundi alifika hospitalini akiwa amesukwa nusu: upande mmoja mistari iliyolala vizuri, upande wa pili nywele zimetimka kama alivyotoka nyumbani. Alikaa wodini hivyo hivyo, nusu na nusu, siku zote walizolazwa. Wauguzi walimwambia kuna msichana anaweza kuja kummalizia. Alisema hapana, asante.

Fundi alijaribu kuongea naye. "Nisamehe. Nilitaka upumzike."

"Najua," alisema mkewe. Fundi angependa kelele. Alikuwa anazijua kelele, angeweza kuzipokea.

Yule muuguzi mrefu alipita wodini. Alimsikiliza fundi mpaka mwisho, hakumkaripia. "Baba, si wewe wa kwanza," alisema. "Watu wanaopenda watoto wao ndio wanaofanya hivi, kwa sababu wanaogopa. Nina swali moja tu. Mbona nimekuona hapa kabla sijakuona kule mkekani?"

Fundi akainama, akaliweka sawa shuka la mtoto.

Waliporuhusiwa, mkewe hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa dada yake, mtaa wa mbali kidogo. Hakusema ameachika wala ameacha. Alikuwa anakunja nguo za mtoto, akasema bila hasira, "Kule kuna mtu wa kupokezana naye. Hapa nilikuwa nalisha peke yangu."

Bibi naye akaacha kuja. Alikaa kwake akilia, na mtu akimtaja mjukuu alinyanyuka kwenda kutafuta kazi jikoni.

Karakana ikawa kimya. Wateja waliulizana fundi amemeza misumari au vipi. Alhamisi ya kwanza alipita mbele ya kliniki, akaendelea mbele. Alhamisi iliyofuata akasimama. Akachungulia. Ndani akaona akina mama mkekani na watoto wamejipaka vyakula, na muuguzi akamwona kabla hajapata nafasi ya kurudi nyuma.

"Karibu baba. Leo tunahitaji mtu mzima wa kulishwa."

Alimpandisha kwenye kitanda cha kupimia, kirefu, miguu ikaning'inia. Akamwambia afumbe macho na asitumie mikono. Akampa bakuli la viazi vilivyopondwa mama mmoja muuza samaki, mwenye mapacha, akamwambia amlishe bila kumngoja. Muuza samaki hakumwonea haya. "Fungua! Na wewe umezidi kudeka, mwanaume mzima!" Wanawake wakacheka, na fundi akacheka nao. Lakini kijiko kilikuja kabla hajameza kile cha kwanza. Kikagonga meno. Akataka kusema ngoja, kikaingia kingine. Akatafuta mahali pa kuweka miguu, hapakuwepo. Alihisi koo linafunga lenyewe. Akageuza shingo.

Alipogeuza shingo tu, kicheko chake kikaisha. Akashuka, akaenda kusimama dirishani, mgongo kwa watu, mabega yakimtikisika. Muuguzi akawaambia akina mama waendelee na watoto wao.

Jioni ile ile alianza kiti. Alikitengeneza kwa mbao nyepesi, akazipiga msasa mpaka zikawa laini kama sabuni, akaweka ubao wa kukanyaga unaoweza kupandishwa na kushushwa, akashona mito ya ubavuni kwa kitambaa kisichonywa maji. Kazi yote haikumchukua hata siku mbili. Hilo ndilo lililommaliza. Alikaa kwenye vumbi la mbao, kiti kiko mbele yake kimekamilika, akakumbuka mara zote alizoiruka ile ndoo.

Alikibeba begani mpaka kwa shemeji yake. Akawakuta barazani, sinia katikati, watoto wa dada mtu wakila kwa kugombania, na mwanawe amekaa kati yao mapajani mwa mama mkubwa aliyekaa mkekani, miguu imekanyaga chini, anatafuna kipande cha kiazi. Hakuna aliyemtazama. Hakuna aliyemwimbia. Anatafuna tu, anameza, ananyoosha mkono kuchukua kingine. Fundi akasimama na kiti begani kama mtu aliyekosea nyumba.

Mkewe alikuja, akakipokea. Akapitisha kiganja kwenye mbao, akabonyeza mito, akapandisha na kushusha ubao wa miguu. Alijua kazi nzuri akiigusa.

"Kizuri sana," alisema. "Ungeniletea hiki wakati ule, ningekulilia shingoni."

"Na sasa?"

"Sasa nimeshamaliza kulia."

Mke na mtoto walirudi nyumbani baada ya msimu kupita. Fundi alijifunza kupika viazi, kufua, kumwogesha mtoto, na kunyamaza wakati wa chakula. Alikuwa ananyanyuka kutoka kazini saa ya kula na kusema, "Pumzika, nikupokee," na mkewe anajibu kwa upole, "Usijali, nimezoea." Alikuwa amezoea kweli. Aliyafanya yote mwenyewe kwa wepesi, kama mtu anayetembea gizani nyumbani kwake, na fundi akawa anafuata nyuma akitafuta cha kubeba. Zamani alimwita "mwenzangu." Siku hizi alimwita "fundi," kama wateja. Hapakuwa na ugomvi humo. Waliokuja kutembea walisema hawajaona nyumba tulivu namna ile.

Mtoto alikua. Alianza shule akiwa mwembamba, mwenye mdomo wa kuchagua: hiki anataka, hiki hataki, hiki kisigusane na kile. Alikuwa na maneno mengi kama baba yake alivyokuwa zamani. Alimpenda baba yake, alipanda mgongoni kwake, alilala kwenye sponji karakanani mchana. Siku moja alishikwa na homa, mama yake akiwa dukani, maana alisharudi kwenye vitambaa vyake. Fundi akachemsha supu, akaipoza, akakaa kitandani akainua kijiko. Mtoto akafunika mdomo kwa kiganja.

"Nipe ninywe mwenyewe, baba."

Akampa bakuli, akainywa yote. Fundi alimuuliza muuguzi Alhamisi iliyofuata. Muuguzi akacheka, akasema watoto wa umri huo wote wanataka kushika wenyewe, na kwamba mtoto hawezi kukumbuka mambo ya utotoni namna ile. Fundi alishukuru. Aliamini maneno ya muuguzi kwa mambo yote, isipokuwa hilo.

Kwa maana hakuacha kwenda. Muuguzi alikuwa amemwomba awe anakaa na akina baba wachache wanaofika, na kuwatafuta wasiofika. Alitengeneza viti vya watoto wengine, lakini hicho hakukihesabu kama msaada. Msaada aliouona yeye ulikuwa kukaa na mtu. Safari moja alipelekewa kijana mmoja dereva wa lori, amekuja kwa kuburutwa, amekaa upande upande tayari kuondoka.

"Mke wangu ana wasiwasi sana," dereva alisema. "Mtoto mwenyewe mzima tu. Namwambia kila siku, acha kumkimbiza na kijiko, atakula akisikia njaa. Hanisikii."

"Wewe unamlisha?"

"Mimi niko safarini, mzee."

"Ukirudi?"

Dereva akajikuna kidevu.

"Ukirudi leo," alisema fundi, "usimshauri mkeo kitu. Usitanie. Kaa chini, muulize: nikushikie nini? Halafu akikwambia, kifanye siku hiyo hiyo. Hata kama ni kitu cha kipuuzi. Hasa kama ni cha kipuuzi."

"Ndiyo tu?"

"Ndiyo tu. Mimi hicho kilinishinda."

Wiki mbili baadaye dereva alirudi na mkewe. Yeye ndiye aliyembeba mtoto, na mfuko wa nepi umemning'inia kifuani kama mkoba wa kondakta. Mkewe alikuwa anacheka kitu alichoambiwa njiani. Fundi aliwasogezea nafasi mkekani. Alifurahi, na furaha ile ikamchoma mahali, kwa sababu kicheko kile alikijua.

Muuguzi aliona mbali zaidi. Akasema ingekuwa vizuri mke wa fundi naye aje siku moja aongee na akina mama, wasikie kwa aliyepitia hayo. Fundi akabeba ujumbe nyumbani. Alimkuta mkewe anakunja vitambaa alivyonunua, anavipanga kwa rangi.

"Nikaseme nini?" aliuliza.

"Useme ilivyokuwa."

Mkewe akakunja kitambaa kimoja, akakilaza juu ya kingine, akakinyoosha kwa mkono. "Nikisema ilivyokuwa, wewe utakuwa umekaa wapi?"

Fundi akaokota kitambaa kilichodondoka, akampa. Mkewe akakipokea, akakipanga kwenye rangi yake.

"Sikukatazi kwenda," mkewe aliendelea. "Nasikia unawasaidia sana. Shoga yangu mmoja aliniambia mumewe amekuwa mtu mwingine tangu aongee na wewe. Nilifurahi." Akachukua kitambaa kingine. "Ila mimi pale nilikuwa naenda peke yangu. Siwezi kurudi."

"Sawa," alisema fundi.

"Chakula chako nimekifunika."

Akala. Binti yao akamweleza habari ndefu ya shuleni, ya mwalimu na chura, na wote watatu wakacheka.

Alhamisi akaenda kama kawaida. Alifika mapema, akakunjua mkeka, akapanga bakuli, akaponda ndizi. Wazazi wakaanza kuingia. Kati yao akaja mwanamke mmoja mgeni, mtoto mgongoni, begi mkononi, nywele hazijaguswa siku nyingi, na akasimama mlangoni akiuliza kama ni hapa. Fundi alinyanyuka kumkaribisha, na bila kutaka akachungulia nyuma yake, koridoni, kuona kama kuna mwanamume anayefuata. Koridoni hapakuwa na mtu.

"Ni hapa," alimwambia. "Nipe hilo begi, dada. Kaa upumue kwanza."